Mbwaa Si Ramani Tu
Simulizi ya Mbwaa, isimuliwayo na Wameru, imeporwa na wasioijali fani. Fadiman, aliyewahoji wazee mnamo 1969 na 1970, aliitafuta Mbwaa kisiwani Manda. Wengine waliona humo Kutoka kwa Waisraeli, kana kwamba Meru haikuwa na mafanani kabla ya misheni! Kupwa kwa bamvua huenda kukaeleza jinsi mkondo ulivyovukika. Hakuelezi kwa nini Koomenjoe ayapige maji kwa fimbo, wala kwa nini watesi wavae nguo nyekundu. Chittick alifukua Manda mji wa karne ya 9, lakini vigae havikutaja kabila. Ni nani husimulia, wapi, na hubadilisha nini? Hayo hayajaulizwa vya kutosha.