Picha ya msitu, mkeka wa plastiki

Mikeka ya yoga yenye picha za asili imepata soko: msitu wenye ukungu, wimbi likivunjika ufukweni, jani la mgomba lililopigwa kwa karibu hadi mishipa yake inahesabika. Kupenda picha hizo si kosa. Tatizo ni kilichobeba picha. Mikeka mingi ya bei nafuu hutengenezwa kwa PVC, plastiki ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, ileile ya mabomba ya maji. Ili ikunjike, huchanganywa na kemikali za kulainisha. Baadhi yake, za kundi la fthaleti, Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kwenye vitu vya kuchezea watoto kwa sheria ya 2005. Ikichomwa jalalani, kama zinavyochomwa taka zetu nyingi, PVC hutoa gesi ya asidi na dioksini. Kenya ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania 2019. Haifai tuiingize tena plastiki majumbani kwa sababu tu imevaa sura ya msitu.

Wapo watakaojibu kwamba wao hununua mikeka ya mpira asilia. Kwa upande wa chini, ni kweli. Lakini picha ya namna hii kwa kawaida huhamishwa kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na wino wake hushika poliesta, haushiki mpira. Ndiyo maana juu ya mpira hubandikwa kitambaa cha poliesta, nacho ni plastiki. Kila kinapofuliwa hutoa nyuzi ndogo mno zinazofuata maji machafu hadi baharini. Mpira na poliesta vikishagandana, kuvitenganisha ili vitumike upya ni kazi ngumu. Kwa hiyo ni picha yenyewe inayodai plastiki.

Utetezi wenye uzito zaidi ni kwamba mandhari ya asili hutuliza. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alionyesha kuwa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo huko Pennsylvania, ambao dirisha lao lilitazama miti, walitoka hospitalini mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Siupingi utafiti huo. Ila wagonjwa wale waliitazama miti. Mfanya yoga huilalia picha yake. Picha itundikwe ukutani, mbele ya macho. Na anayefanya mazoezi ufukweni Paje, bahari anayo.

Badala ya plastiki upo mkeka wa ukindu, lakini hauwezi kuchukua nafasi zote, maana juu ya marumaru huteleza, na mtu aliyesimama kwa mguu mmoja anaweza kuumia. Kwa kukaa, kupumua na kujinyoosha unatosha kabisa, na fedha yake humfikia msusi. Kwa mikao ya kusimama, mpira asilia usio na picha unafaa, isipokuwa kwa wenye mzio wa mpira. Mwenye mkeka wa PVC asiutupe. Autumie mpaka uchakae. Anayekwenda kununua mpya, amuulize muuzaji: umetengenezwa kwa nini, juu na chini?