KURA NA MALIPO YA UZEENI



Siku za kura zikaribiapo, kila mgombea huwakumbuka wazee. Sisi watu wa reli hatulipingi jambo hilo, maana kila mmoja wetu, ajapokuwa kijana leo, yumo safarini kwenda uzeeni. Lakini twataka wagombea wapimwe kwa mizani ya haki.

Tutazame uchaguzi wa Agosti 2022. Marehemu Bw. Raila Odinga aliahidi kuzipa jamaa maskini shilingi 6,000 kila mwezi. Bw. William Ruto aliahidi mikopo kwa wenye biashara ndogo ndogo. Tulibishana sana juu ya mabwana hao wawili. Je, ni nini kilichogeuza karatasi zetu za mshahara? Ni sheria ya NSSF ya mwaka 2013, iliyopitishwa kabla ya uchaguzi huo, ikazuiwa kortini, hata Mahakama ya Rufaa ikaifungulia njia Februari 2023. Mchango wa shilingi 200 ukawa sehemu 6 katika kila 100 za mshahara, usizidi shilingi 1,080. Kufika Februari 2025 kikomo kilikuwa shilingi 4,320. Mwajiri naye hutoa sawasawa na mfanyakazi.

Hatusemi kwamba sheria hiyo ni mbaya. Akiba ya shilingi 400 kwa mwezi, yetu na ya mwajiri pamoja, haiwezi kumtunza mzee. Twasema hivi: ahadi ya barazani ni upepo, bali sheria ndiyo ikatayo mshahara na ndiyo ilipayo.

Tena, mwaka 2018 serikali ilianza kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi, wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka 2025 zilikuwa 2,000 zile zile, na bei ya unga haikuzingoja.

Basi mgombea akija, awe wa chama hiki au kile, tumwulize maneno matatu. Fedha zitatoka mfuko wa nani? Ni sheria gani itakayoilazimisha serikali kulipa kwa wakati wake? Bei zikipanda, malipo yatapanda? Asiyeweza kujibu asipewe kura kwa sababu ya ngoma na fulana.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yasema wazee wapate matunzo ya kufaa kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Hatuombi sadaka. Twadai iliyo haki yetu, na ya waliotutangulia kazini.