TARUMBETA LA JESHI NI LA NANI?

Msimu wa bendi za majeshi yetu waja, kama unavyokuja kila mwaka. Tarehe 12 Januari ni Mapinduzi. Tarehe 26 Aprili ni Muungano. Tarehe 25 Julai ni Mashujaa. Tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, na kwa miaka mingi sasa ndiyo siku ya kilele cha mbio za Mwenge. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru. Itazameni vyema ratiba hiyo, kisha tujiulize pamoja swali moja tu: katika siku hizo tano, ni ipi ambayo bendi huwapigia watu?

Hakuna. Siku zote tano bendi hulipigia jukwaa. Wakubwa wakiwasili, hupiga. Wakisimama, hupiga. Gwaride likipita mbele yao kwa mwendo wa pole na kwa mwendo wa haraka, hupiga. Wakubwa wakiondoka, matarumbeta hurudishwa mikobani, na mwananchi aliyesimama juani tangu alfajiri huambiwa kwamba shughuli imekwisha. Sisi twasema kwamba hiyo ni dhulma ndogo iliyozoeleka, na dhulma iliyozoeleka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hata mwenye kudhulumiwa huisahau.

Tuchukue mfano wa mji wa Babati. Pengine msomaji wetu wa Wete au Mkokotoni atauliza, Babati yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Yatuhusu sana. Ulinzi ni jambo la Muungano, na jeshi la Muungano lalishwa kwa kodi ya mkulima wa mbaazi wa Babati kama lilishwavyo kwa jasho la mchuma karafuu wa Pemba. Isitoshe, ndugu zetu wa Pemba wenye maduka wametapakaa katika miji ya bara, na wajua wenyewe jinsi mji wa sokoni unavyoishi. Lilipalo Babati na lilipalo Chake Chake ni mfuko mmoja. Basi haki nayo na iwe moja.

Babati ni mji ulio chini ya Mlima Kwaraa, kando ya ziwa lake lenye viboko, kwenye njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Tangu mwaka 2002, ulipokatwa mkoa wa Manyara kutoka katika mkoa wa Arusha, Babati ndiyo makao makuu ya mkoa. Hukutana hapo Mwiraqw, Mgorowa, Mmbugwe, Mrangi na Mbarbaig, kila mmoja na lugha yake na ngoma yake. Mji wa namna hiyo wafahamu muziki. Hauna haja ya kufundishwa kusikiliza.

Tarehe 14 Oktoba 2023 Babati ilipata zamu yake. Kilele cha mbio za Mwenge kilifanyika huko, pamoja na kumbukumbu ya Mwalimu na Wiki ya Vijana, na Rais mwenyewe akahudhuria. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika sherehe zetu ni mgeni apigiwaye, na mwenyeji husimama nyuma ya kamba. Zamu ya mwaka 2024 ilikwenda Mwanza. Mikoa ya nchi hii ni mingi. Mtoto aliyekosa nafasi siku ile nyuma ya mabega ya watu wazima atakuwa mtu wa makamo kabla zamu haijaurudia mji wake.

Tena tukumbuke jambo jengine. Hazikupita wiki nane tangu sherehe ile, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yakaangukia Katesh, katika mkoa huo huo wa Manyara, tarehe 3 Desemba 2023. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Askari walikwenda kusaidia kuwatafuta waliofukiwa, na kwa kazi hiyo sisi wapinzani twawapa mkono bila kinyongo. Jeshi lile lililokwenda Katesh kwa ajili ya watu ndilo jeshi tulitakalo. Twataka liende kwa watu vivyo hivyo likiwa na tarumbeta, lisingojee mpaka pawepo jukwaa la wakubwa.

Sasa tuwatazame wapigaji wenyewe, maana kuwatetea wao ndiyo shabaha ya maneno haya. Kuna watu wadhanio kwamba mwanamuziki wa jeshi ni askari aliyepewa kazi nyepesi. Mpiga tarumbeta hupiga kwa midomo, na midomo isipofanyishwa kazi kila siku hulegea kama kamba ya jahazi iliyotupwa mvuani. Hana budi kusoma noti, kutembea hatua kiasi cha 120 kwa dakika bila sauti kutikisika, na kubeba chombo chake juani kwa saa nyingi. Shaba ikipoa, sauti hushuka. Ikipata joto, hupanda. Asubuhi ya Babati, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, si asubuhi ya Dar es Salaam, na mpigaji lazima ajue kuirekebisha sauti yake kabla wimbo wa taifa haujaanza. Huo ni ufundi wa miaka. Na mtu mwenye ufundi wa miaka, jina lake hulijui, nami silijui, kwa kuwa siku ya sherehe hutangazwa jina la kila mheshimiwa aliyeketi, lakini la mpigaji hata mmoja halitajwi!

Haikuwa hivi daima. Watu wa pwani hii walilifanya tarumbeta kuwa lao zamani sana. Ngoma ya beni ilizaliwa katika pwani ya Mombasa na Lamu mwishoni mwa karne ya 19. Vijana walizitazama bendi za wakoloni, wakazichukua ala zao na mavazi yao na vyeo vyao, wakavifanya mchezo wa mtaani. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 wakaieneza bara, na pande za Marini na Arinoti zikashindana mji kwa mji. Hapa Unguja beni yapigwa hata leo harusini. Watu wale hawakungoja kibali cha mtu ili wafurahi.

Hata wakoloni, ambao hatuwasifu, walilijua jambo hili. Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa mwaka 1936, kwa jubilei ya Sultani Khalifa, ilikuwa na kibanda chake cha bendi, na kila apitaye Forodhani leo akiona. Kibanda cha bendi katika bustani maana yake ni kwamba mpigaji huketi katikati, na watu humzunguka. Hilo ni umbo la haki. Uwanja wa gwaride hauna umbo hilo; una upande mmoja tu wenye kivuli.

Na baada ya uhuru? Jeshi letu la Wananchi liliundwa Septemba 1964, na katika miaka iliyofuata majeshi yakawa na bendi za dansi ambazo nchi nzima ilizijua. Mwenge Jazz ilikuwa ya Jeshi la Wananchi, Kimulimuli ilikuwa ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Polisi Jazz na Magereza Jazz zilikuwa na wenyewe kama majina yao yasemavyo. Zilipiga katika kumbi, watu wakacheza, na Redio Tanzania ikazirekodi. Mwanamuziki wa siku hizo aliyevaa sare alikuwa na mshahara wa mwezi, ilhali wenzake wa mitaani walingoja mapato ya mlangoni. Ziliimba sifa za chama, ni kweli, kwa sababu chama kilikuwa kimoja. Lakini ziliimba pia mapenzi, ndoa, wivu na taabu za maisha. Watu walizipenda kwa hayo ya pili.

Kisha ukaja mwaka 1992, na vyama vingi vikarudi. Katiba ya Muungano, ibara ya 147, yakataza mwanajeshi yeyote kujiunga na chama cha siasa. Imemwachia haki ya kupiga kura tu. Na katika ibara hiyo mwanajeshi ni askari wa Jeshi la Ulinzi, wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ni safi. Lakini mwaka huo huo kiliundwa kikundi cha TOT ili kukiimbia chama kinachotawala, na kiongozi wake akawa Kapteni John Komba, mtu aliyetoka jeshini. Marehemu huyo alikuwa fundi, na alipouimba msiba wa Mwalimu mwaka 1999 walilia hata wale wasiokitaka chama chake. Hatumlaumu kwa kuwa na sauti. Twasema tu kwamba ufundi uliokuzwa jeshini uliingia katika kampeni ya upande mmoja, cheo cha kijeshi kikabaki mbele ya jina, na mwananchi asingeweza tena kujua ni wapi jeshi limekwisha na chama kimeanza.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na dalili yake yaonekana pale sherehe zinapofutwa. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru hazikufanyika, watu wakaambiwa wafanye usafi. Mwaka 2022 hazikufanyika, na fedha zake zikaelekezwa kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Hatuyapingi mabweni. Lakini angalieni: wapigaji walikuwapo, mishahara yao ilikuwapo, ala zilikuwapo, na mazoezi yalikwisha fanywa. Jukwaa lilipoondoka, na wimbo ukaondoka nalo. Kama bendi ingekuwa ya watu, kukosekana kwa wakubwa kusingeinyamazisha hata siku moja.

Watatujibu kwamba kazi ya bendi ya jeshi ni heshima za kiserikali, wala si burudani. Twawajibu: Mwenge Jazz na Kimulimuli zilikuwa nini? Watasema hakuna nchi ifanyayo tutakavyo. Twawajibu: Bendi ya Wanamaji wa Marekani, iliyoundwa mwaka 1798, kazi yake ya kwanza ni kumpigia Rais wa nchi hiyo, lakini hutangaza maonyesho yake mapema, huwaingiza watu bila kiingilio, na huandika katika karatasi ya ratiba majina ya wapigaji wake, tena tangu mwaka 1891 imekuwa ikisafiri kwenda miji ya mbali. Hatuiigi Marekani katika kila jambo, lakini jema halina mwenyewe. Watasema gharama. Twawajibu kwamba ghali ni kununua ala na kumfundisha mtu miaka. Hayo yamekwisha lipwa, na sisi ndio tuliolipa. Kilichobaki ni mafuta ya lori.

Kwa hivyo twadai mambo matano, na twataka kila tawi liyajadili.

Kwanza, maonyesho ya bendi za majeshi yatangazwe mwanzoni mwa mwaka, yaende katika miji isiyo na sherehe: Babati, Mbulu, Kondoa, Wete, Mkoani, Makunduchi.

Pili, katika maonyesho hayo asiwepo mgeni rasmi. Viti vya mbele vikaliwe na watoto wa skuli.

Tatu, jina la kila mpigaji na la kila mtunzi lisomwe hadharani na liandikwe.

Nne, bendi ya askari isipige katika mkutano wa chama chochote. Twasema chochote, na chetu kimo, hata siku tutakayoshika serikali. Anayedai haki kwa ajili yake peke yake hadai haki, adai zamu.

Tano, nyimbo za Mwenge, Kimulimuli, Polisi na Magereza zilizomo katika hazina ya Redio Tanzania, ambayo sasa imo mikononi mwa TBC, ziorodheshwe pamoja na watu waliozipiga, na kila zinapotumiwa, waliobaki hai na warithi wa waliokufa wapate fungu lao.

Ndugu wanachama, tunapozungumza mambo haya barazani, tuchunge ndimi zetu. Mpiga tarumbeta si adui yetu. Yeye naye ni mtoto wa mkulima au wa mvuvi, ameamriwa asimame juani kama tulivyosimamishwa sisi, na tofauti yake nasi ni kwamba yeye amevaa sare na hawezi kusema. Basi tumsemee. Siku bendi itakapopita mtaani kwetu, asiwepo mwanachama wa kuizomea. Tuipigie makofi, na tuulize kwa sauti, mmoja mmoja, yule wa mbele mwenye tarumbeta aitwa nani.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki wa majeshi wamecheza kwao miaka sitini na zaidi. Nasi tulio wenyeji twadai tufunguliwe kamba tuwafikie, ili tuwatunze.