Kalamu na Swali

Paketi ya majani ya chai, bango la chanjo na jalada la kitabu cha mtoto, vyote hupitia mikononi mwa msanifu wa michoro kabla ya kufika nyumbani. Lakini mwanafunzi wa shahada ya pili katika fani hiyo hatakiwi kuchora tu. Hutakiwa pia kuchunguza jambo na kuliandikia tasnifu.

Cheryl Miller, Mmarekani mweusi, alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo kabla ya kusomea shahada ya pili katika chuo cha Pratt Institute, mjini New York. Tasnifu yake ya mwaka 1985 ilichunguza vizuizi viwafungiavyo njia wasanifu weusi. Mwaka 1987 jarida la Print likachapa makala yake juu ya suala hilo hilo. Ilipofika mwaka 2021, chama cha wasanifu cha AIGA kilimtunukia nishani.

Basi mzazi amwonaye mwanawe akichora kutwa asimnyang'anye kalamu. Na amzoeze pia kuuliza kwa nini. Wahenga walikwisha kusema, kuuliza si ujinga.