MEZA MOJA NA POMBE?

Vijana wetu wa Tumbi wanaoketi katika baa za kando ya Barabara ya Morogoro hutujibu: "Ustadhi, sisi tunakula baga na chipsi tu. Pombe hatunywi, na huo muziki wa roki ni wa mwenye baa."

Jibu hilo halitoshi. Kunywa kumeharamishwa katika Qur'an (5:90), na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amemkataza muumini hata kuketi kwenye meza inayopitishwa pombe.

Lakini enyi wazazi na maimamu! Kijana ana njaa, tena anataka kukaa na wenzake. Sisi baada ya Isha tunafunga misikiti na kuzima taa. Tumemkabidhi kwa nani? Tufungue migahawa ya halali, ndipo makatazo yetu yatakaposikika.

Wabillahi Tawfiq.