Msimamizi, Anza Wewe Kupanda Mizani

Misimu sita nimekuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba hapa Kiloleli, wilayani Busega. Kazi yangu ni kusoma uzito, kuandika risiti na kumeza lawama. Mkulima hudhani nampunja, msimamizi hudhani nampendelea mkulima, na vibarua wa kubeba hudhani mimi na msimamizi lao moja.

Msimu mmoja pamba ilikaa ghalani wiki tatu ikisubiri lori. Siku ya kupakia, uzito ukapungua kuliko ulioandikwa vitabuni. Msimamizi wetu wa wakati huo hakuuliza. Aliwapanga vibarua mstari, akawapekua mbele ya wakulima, kisha akawakata ujira wote wanane. Mtu yeyote aliyeishi na pamba anajua kwamba ikilala hukauka, na ikikauka uzito hupungua. Nami nilijua. Nikanyamaza, na ukimya ule ni deni langu mpaka leo.

Baada ya hapo vibarua walifanya walichoagizwa tu, hakuna cha zaidi. Usiku mmoja wa mvua paa likavuja, asubuhi tukakuta pamba imelowa. Kumbe mmoja wao aliliona tundu tangu jana yake. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu: "Karani, ningesema nimeliona, wangesema nimelitoboa."

Msimamizi aliyefuata alikuja na mfuko mpya wa saruji wa kilo 50. Kila asubuhi, kabla ya mkulima wa kwanza, aliuweka kwenye mizani sisi sote tukitazama. Ikisoma 50, kazi inaanza. Ikisoma vingine, hapimiwi mtu. Jioni upungufu wa siku ulisomwa kwa sauti. Siku aliyokosea hesabu yeye mwenyewe, alisimama akasema kosa ni lake. Pamba iliendelea kukauka kama kawaida yake, lakini hakuna aliyeitwa mwizi. Na paa lilipovuja tena, niligongewa mlango saa nane za usiku.

Wapo wanaosema kumwamini mtu ni kuacha kumkagua. Sikubaliani nao. Miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani za wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Vuguvugu hilo ndilo lililozaa vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU nao ukakataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau, na wafanyakazi viwandani wakaushika kweli kweli dhidi ya wakubwa wao. Mara zote mbili aliyekaguliwa alikuwa mwenye nguvu.

Siku hizi ukaguzi unashuka tu, haupandi. Ofisi nyingi zina mashine ya alama za vidole mlangoni, na mfanyakazi akichelewa dakika kumi inajulikana. Mshahara ukichelewa siku kumi, ni mashine gani inayoandika?

Ndugu msimamizi, usiniambie watu wako hawaaminiki kabla hujawaonyesha mizani yako. Tafuta mfuko wako wa saruji, uweke mbele yao kesho asubuhi, kisha waache wao wasome.