Leseni Ikibadilika, Nani Aliulizwa?

Mwishoni mwa mwaka 2009, vijana 13 wa Kibera, Nairobi, walipita na vifaa vya GPS katika vichochoro vya Kianda, Gatwekera, Makina na Laini Saba, wakiweka alama kila penye maji, choo, zahanati na shule. Kwenye ramani za mtandaoni za wakati huo mtaa wao ulikuwa eneo tupu. Mradi wao, Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, uliingiza walichokusanya katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kabla miaka mitatu haijaisha, leseni ya ramani hiyo ikabadilishwa.

Tarehe 12 Septemba 2012, OpenStreetMap iliacha leseni ya Creative Commons, iliyotungwa kwa ajili ya maandishi na sanaa, ikashika ODbL, iliyotungwa kwa ajili ya hifadhidata. Aliyewahi kuchora hata njia moja alitakiwa kukubali au kukataa. Mabishano yalichukua miaka. Julai 2012 roboti ilianza kufuta michango ya waliokataa na ya wale ambao hawakujibu. Australia na Poland zilibaki na matundu makubwa kwenye ramani.

Wengi waliona utaratibu ule ni wa kuchosha na wa hasara. Mimi nauona kuwa ndio kipimo cha mabadiliko yote ya leseni yaliyofuata, maana mengi kati ya hayo yalifanyika bila wachangiaji kuulizwa lolote.

Chukua kikundi cha Kawangware kinachotaka ramani ya mitaro inayofurika katika maeneo yake, kuanzia Gatina hadi Congo. Data kitaitoa OpenStreetMap, ila kuionyesha kwenye simu kunahitaji msimbo ulioandikwa na wengine. Huenda msimbo huo ukawa Mapbox GL JS, uliokuwa chini ya leseni huru ya BSD hadi toleo la 1. Desemba 2020 likatoka toleo la 2, na leseni ikawa masharti ya kampuni. Anayelisakinisha sasa anahitaji ufunguo wa akaunti ya Mapbox, na kila ramani inapofunguliwa huhesabiwa kwa ajili ya malipo, hata kama data yake haitoki kwa Mapbox. Kwa nje ramani ni ileile. Kilichobadilika ni faili dogo la leseni ambalo wengi wetu hatulifungui.

Redis nayo, hifadhidata inayobeba kumbukumbu za muda za tovuti nyingi, ilitoka BSD tarehe 20 Machi 2024. Kampuni ilikuwa na hoja: makampuni makubwa ya seva za kukodisha yanauza kazi yake bila kuirudishia chochote. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wahandisi hula, na anayejenga ana haki ya kudai ujira. Lakini Redis ilikuwa imejengwa pia na mamia ya watu waliojitolea, na leseni ya BSD iliiruhusu kampuni kufungia matoleo mapya bila kuomba ruhusa yao.

Kikundi chetu kifanye nini? Kubaki na toleo la zamani ni rahisi leo, ila matundu ya usalama yatakayogunduliwa kesho hayatazibwa. Kulipa kunawezekana mradi mfadhili bado yupo. Akiondoka, ankara ya dola inabaki mlangoni. Njia ya tatu ni kuhamia kwa walioendeleza toleo la mwisho lililokuwa huru: MapLibre badala ya Mapbox, Valkey badala ya Redis. Mimi ningehama, kwa sharti moja: mrithi awe na mikono mingi. Valkey ilizinduliwa chini ya Linux Foundation siku chache tu baada ya Redis kutangaza mabadiliko yake, ikiungwa mkono na Amazon, Google na Oracle. Mrithi anayeshikiliwa na mtu mmoja usiku baada ya kazi si kimbilio. Mwezi Mei 2025 Redis yenyewe iliongeza leseni huru ya AGPL. Aliyehama hakupoteza kitu, na aliyengoja hakuwa na hakika kwamba mlango ungefunguliwa tena.

Hata hivyo, kuhama ni tiba. Kinga iko katika swali la nani ana uwezo wa kubadilisha kanuni, na kama analazimika kuuliza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta na mikusanyo ya data kuwa kazi za maandishi, na inataka uhamishaji wa hakimiliki ufanywe kwa maandishi. Kwa hiyo kijana anayeombwa kubofya “nakubali” kabla msimbo wake haujapokelewa anaombwa jambo zito. Asome kama anatoa ruhusa ya kutumia tu, au anakabidhi umiliki pamoja na uwezo wa kufunga.

Kumtafuta kila mchangiaji kila mara nako hakuwezekani. OpenStreetMap ililiona hilo ikaweka njia ya kati katika masharti yake mapya: leseni inaweza kubadilishwa tena iwapo thuluthi mbili ya wachangiaji hai watapiga kura ya kukubali, na lazima leseni mpya nayo iwe huru na wazi. Mchangiaji hai ni aliyehariri katika miezi mitatu tofauti ndani ya miezi 12 iliyopita na anayejibu barua pepe ndani ya wiki tatu. Aliyeichora Kibera mwaka 2009 kisha akaacha hana kura. Ni dosari, lakini sharti la leseni huru linamlinda hata asipokuwepo: alichokichora hakiwezi kufungiwa.

Kiwango hicho ndicho ningekidai kwa kila mradi wa umma unaojengwa kwa msimbo wa watu. Serikali ya kaunti na wafadhili wanaolipia ramani na mifumo ya mitaa yetu wangepaswa kudai orodha ya vitegemezi vyote, yaani msimbo wa wengine ambao mfumo unautegemea, leseni ya kila kimoja na jina la mwenye uwezo wa kuibadilisha, kabla ya kutia sahihi mkataba. Kuandaa orodha hiyo ni kazi ya siku chache. Kuikosa kunaweza kuugharimu mradi mzima, na watakaokosa huduma ni wakazi ambao hawakuhusishwa katika uamuzi wowote.